Mkoba wa intavyu ukiwa ughaibuni: anza na karatasi, rangi baadaye

Kabla hujaenda dukani kutafuta mkoba wa intavyu, toa vyeti vyako vyote uviweke kitandani, weka na CV ulizoprinti, pasipoti, kalamu mbili, simu, funguo, kadi ya basi, mwavuli mdogo kama mnaishi kwenye mvua, alafu uliangalie hilo rundo na ujiulize mkoba gani utalibeba bila kukunja hata karatasi moja. Wengi tunaanza kinyume. Tunaona mkoba umetupendeza, tunanunua, siku yenyewe ikifika faili haiingii, mtu unaishia kubana bahasha kwapani, mkoba mkono huu, mwavuli mkono ule, na ukifika mapokezi yule anayekusubiri anakuja kukupa mkono na huna hata kidole cha kumpa. Hilo limeshanikuta na liliniondolea utulivu wote niliokuwa nimeujenga tangu asubuhi.

Vipimo basi. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297, ila wewe hubebi karatasi tupu, unabeba faili, na faili linazidi karatasi pande zote. Tafuta mkoba ambao ndani una kama sentimita 33 kwa upana, na ukipima usipime tumbo la mkoba, pima mdomo pale zipu inapoishia, maana mikoba mingi chini ni mipana juu imebana, faili linakwama mlangoni. Njia rahisi ni kwenda dukani na faili lako, ulitumbukize, ufunge zipu, ulitoe tena kwa mkono mmoja. Muuzaji akikushangaa mwache. Na kwa mlioko Marekani na Kanada kuna hiki kitu kidogo kinasumbua: karatasi yao ya ofisini ni milimita 216 kwa 279, yaani ni pana kidogo kuliko A4 lakini fupi kwa karibu sentimita 2, kwa hiyo vyeti vya A4 ulivyokuja navyo ukiviweka kwenye folda za huko vinachungulia kwa juu na kujikunja ncha. Tafuta folda ya A4, au ya zipu iliyo kubwa zaidi, vyeti vyako ni halali kupewa heshima hiyo.

Laptopu kama hawajakwambia uje nayo iache nyumbani. Inaongeza kilo 1 mpaka 2 na bega linaanza kushuka upande mmoja kabla hata hujafika kituoni.

Sasa mikanda. Hapa ndo watu wengi tunakosea kwa sababu tunanunua mkoba tukiwa tumevaa blauzi. Ukija msimu wa baridi umevaa koti nene, chini yake sweta, mpini ule uliokuwa unapita begani vizuri haupandi tena, unabaki umening'inia kwenye kiwiko, kila ukitembea unakupiga ubavuni. Jaribu mkoba ukiwa umevaa koti lako nene kuliko yote, hata kama ni kiangazi beba hilo koti uende nalo dukani. Kutoka juu ya mpini mpaka mdomo wa mkoba kukiwa na kama sentimita 25 hivi kwa wengi wetu inatosha, ukiwa na mikono minene au koti la manyoya ongeza. Na uzoee kuuvaa bega la kushoto ili mkono wa kulia ubaki huru kwa milango na salamu, fanya mazoezi hata wiki nzima kabla, mwili ukishazoea hufikirii tena.

Kuhusu ngozi na visivyo ngozi, nisikilizeni vizuri kwa sababu hili liliniuma. Nilikuwa na mkoba mweusi mzuri tu, nimeutunza kabatini kwa ajili ya siku muhimu, miaka kama minne haujatumika sana. Siku muhimu ikaja, nikautoa, nikavaa, kufika kwenye basi naona vipande vyeusi kama maganda vimejaa kwenye sketi, nikigusa vinazidi kutoka. Kumbe ilikuwa PU, poliyurithani, yaani kitambaa kilichopakwa utandu wa plastiki, na ule utandu unaliwa na unyevu wa hewani taratibu hata kama mkoba umekaa tu kabatini bila kuguswa. Sisemi msinunue PU, zipo nzuri na ni nyepesi, ila zitumieni, msizitunze, na siku tatu kabla ya intavyu sugua kwa kidole kwenye kona na kwenye mikunjo ya mpini, ikianza kubabuka azima mwingine. Mikoba ya PVC, aina nyingine ya plastiki, nayo kwenye baridi kali inakakamaa na inaweza kupasuka. Swedi, ile ngozi yenye vinyweleo laini kama mahameli, achaneni nayo kabisa kwa mji wa mvua, tone moja linaacha doa.

Ngozi halisi inadumu lakini ina adui wake, chumvi. Nchi za theluji wanamwaga chumvi barabarani na kwenye ngazi kuyeyusha barafu, ukiuweka mkoba chini kwenye basi unainuka na mstari mweupe kwenye kitako. Chovya kitambaa kwenye maji yaliyochanganywa na siki nyeupe nusu kwa nusu, jaribu kwanza sehemu isiyoonekana, futa taratibu, acha ukauke, alafu paka mafuta ya ngozi. Ifanye jioni, ukiifanya asubuhi utaenda na mkoba unaonuka siki.

Na harufu ni jambo. Tunaoishi chumba kimoja jiko humo humo, mkoba wa ngozi au wa kitambaa unanyonya kila kilichokaangwa na mwenyewe husikii kwa sababu umezoea. Uhifadhi kwenye mfuko wa kitambaa mbali na jiko, na usiku mmoja kabla uanike sehemu yenye hewa.

Rangi sina mengi, nyeusi, kahawa iliyokolea, bluu ya giza, si lazima ilingane na viatu ila visigombane. Nembo kubwa kubwa za kampuni hapana, na zile feki za majina makubwa ndo kabisa, kwanza anayezijua anazitambua kwa mishono tu, alafu Ufaransa na Italia hata wewe mnunuzi unaweza kupigwa faini, si muuzaji peke yake. Minyororo inayolia nayo acha, chumba cha usaili ni kimya sana.

Ukikaa, mkoba unaenda sakafuni pembeni ya mguu wako, si mezani kwao wala mapajani. Ndo maana nasisitiza uchague unaosimama wenyewe, wenye kitako kigumu. Ujaribu ukiwa na vitu vyako ndani, maana mtupu unaweza kusimama na ukijaa ukaanguka na kumwaga vitu katikati ya swali. Pasipoti na kibali cha kazi viwe mfuko wa ndani wenye zipu, peke yao, uweze kuvitoa bila kupekua.

Kazi za hotelini, usafi, ghala, kulea wazee, huhitaji mkoba wa ofisi, begi dogo safi la kuvuka kifua linatosha kabisa bora faili uwe nalo mkononi halijachakaa. Kaka zangu, begi la mgongoni la rangi moja lisilo na michoro linakubalika sehemu nyingi, ila livue kabla ya kuingia mlangoni ulishike kwa mkono wa kushoto.

Kama unatoka shifti unaenda moja kwa moja, au umevaa mabuti ya theluji, usilazimishe viatu na yunifomu ndani ya mkoba wa vyeti. Mfuko wa pili wa kitambaa, ubadilishe kituoni, na ukifika waombe mapokezi wakushikie. Nimeomba mara kadhaa, hawajawahi kukataa.

Ukiazima mkoba wa rafiki fungua kila mfuko usiku, toa risiti zake, dawa zake, kila kitu, sehemu nyingi wanapitisha mikoba kwenye mashine mlangoni na utaulizwa wewe. Na ukirudi nao umelowa, ujaze karatasi nyeupe, si gazeti maana wino unahamia kwenye bitana, uuache ukauke polepole mbali na hita, wakikuita raundi ya pili uwe tayari.