Kukagua sarafu ya bundi ya Athens kabla siku za kurudisha hazijaisha

Mdogo wangu kauziwa tetradrakma ya Athens (sarafu ya fedha ya Ugiriki ya kale), kapewa wiki moja ya kurudisha akiona haieleweki. Tumekesha kwenye simu, sasa naandika kabisa nisije nikarudia.

1. Anza na bundi. Wengi wanakimbilia upande wa pili, kwa mungu wa kike Athena na helmeti yake, mi naona bundi ndo anasema zaidi. Anakutazama usoni, nyuma yake kuna tawi la mzeituni na mwezi mchanga, mbele herufi ΑΘΕ za jina la mji. Tawi limekatika? Usipanik, ziligongwa kwa nyundo na muhuri ulikuwa unakaa upande.

2. Jicho la Athena. Za katikati ya karne ya 5 KK uso umegeuka pembeni ila jicho limekaa kama linakutazama wewe. Karne ya 4 ndo likaanza kuchorwa kwa pembeni.

3. Uzito: gramu 17.2 hivi.

4. Maji. Hapa ndo nilipoteza jioni nzima. Mizani ya sonara inayosoma 0.01, achana na ya jikoni kabisa. Weka kikombe cha maji juu, rudisha sifuri, ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame yote BILA kugusa chini wala ukuta, mkono usitetemeke, soma namba. Ya mdogo wangu gramu 17.16, ndani ya maji mizani ikasoma 1.65, gawanya 17.16 kwa 1.65 unapata msongamano wa 10.4, na wa fedha safi ni 10.49, kwa hiyo poa. Mimi yangu ya kwanza nilipata 8 na ushee nikalala najua nimepigwa, kumbe viputo vya hewa vimeganda kwenye manyoya ya bundi! Tone la sabuni ya maji, itikise humohumo, pima mara tatu. Na ikigusa chini namba inaruka juu vibaya mno. Ila feki ya fedha halisi itapita hapa, kwa hiyo usishangilie bado.

5. Ukingo. Mshono unaozunguka maana yake imemiminwa kwenye kalibu, rudisha. Lakini chale ya patasi isikutishe, watu wa kale walikuwa wanakata waone kama ndani ni shaba. Ya mdogo wangu inayo, imempitia bundi kichwani, na ndani ni fedha tupu.

Na usiisugue na dawa ya meno, tafadhali.