Namna ya kupima mapendeleo ya kikundi kabla ya kuamua

Chukua kikundi cha watu 15 chenye ziada ya fedha na njia tatu mbele yake: kuigawana, kununua mashine, au kuiweka akiba. Kwa kawaida mwenyekiti huomba watu wanyooshe mikono, huhesabu, kikao kikafungwa. Kosa huanzia hapo. Mkono hutaja tu kile mtu anachokitanguliza. Hausemi angeridhika na nini akikikosa, wala ni kipi asichokitaka kabisa.

Badala yake, gawa karatasi. Kila mtu apange machaguo yote kwa namba, 1 hadi 3, kwa siri, maana mikono ya hadharani humfuata mkubwa. Machaguo yasizidi matano. Yakiwa mengi zaidi, watu hupanga yale ya chini ovyo ilimradi wamalize.

Chunga sana maneno ya karatasi hiyo. Mwaka 1981 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha jaribio kuhusu ugonjwa uliotarajiwa kuua watu 600. Mpango wa uhakika ulipoelezwa kuwa utaokoa watu 200, asilimia 72 waliuchagua. Kundi jingine lilipoelezwa mpango huohuo kuwa watu 400 watakufa, waliouchagua walikuwa asilimia 22 tu. Kwa hiyo machaguo yote yaelezwe kwa kipimo kimoja: ama yote kwa faida, ama yote kwa hasara, au kila moja kwa vyote viwili.

Tuseme karatasi zimerudi hivi:

Watu 6: kugawana, akiba, mashine.
Watu 5: mashine, akiba, kugawana.
Watu 4: akiba, mashine, kugawana.

Ukihesabu nafasi ya kwanza peke yake, kugawana kunashinda kwa kura 6, ingawa watu 9 wamekuweka mwisho. Ukiondoa chaguo lenye kura chache zaidi za nafasi ya kwanza, yaani akiba, kisha ukarudia kuhesabu, mashine inashinda 9 kwa 6. Sasa pambanisha mawili mawili, yaani hesabu ni karatasi ngapi zimeliweka moja juu ya jingine: akiba inaishinda kugawana 9 kwa 6, na inaishinda mashine 10 kwa 5. Karatasi ni zilezile, hakuna aliyebadili nia, lakini kila kanuni imetoa jibu lake. Ndiyo maana kanuni huamuliwa kabla kura hazijafunguliwa. Anayeichagua baadaye anachagua mshindi.

Njia ya kupambanisha ilitetewa na Condorcet, mwanahisabati Mfaransa, mwaka 1785, na kwa kikundi kidogo ndiyo ya kuanza nayo. Machaguo matatu yana mapambano 3, manne 6, matano 10. Mtu mmoja mwenye kalamu anatosha. Inaokoa chaguo la katikati, ambalo mfumo wa duru mbili, ambapo wawili wa juu tu huingia duru ya pili, unaweza kulitupa mapema. Katika uchaguzi wa rais wa Ufaransa mwaka 2002 kulikuwa na wagombea 16. Kura za mrengo wa kushoto zikatawanyika, Lionel Jospin akapata asilimia 16.18 na kuachwa nje na Jean-Marie Le Pen mwenye 16.86.

Condorcet mwenyewe aliona shimo la njia hii: A inaweza kuishinda B, B ikaishinda C, kisha C ikaishinda A. Hilo likitokea, usikubali machaguo yapigiwe kura kwa zamu, mawili mawili, linaloshinda likikutana na linalofuata, kwa kuwa chaguo litakaloingizwa mwisho ndilo litakaloshinda, na anayepanga ajenda analijua hilo. Tumia alama: nafasi ya kwanza 2, ya pili 1, ya tatu 0. Katika mfano wetu akiba ingepata 19, mashine 14, kugawana 12.

Alama nazo zina kishawishi cha kumzika mpinzani. Wale 5 wa mashine wakiishusha akiba hadi mwisho kwa hila, kugawana kutapata 17, huku mashine na akiba zikibaki na 14 kila moja: wamejiletea kile wasichokitaka kuliko vyote. Waonyeshe wanakikundi hesabu hii kabla ya kugawa karatasi.

Andika pia, kwenye muhtasari wa kikao mlimoandika kanuni yenu, karatasi isiyojazwa yote itahesabiwaje na alama zikilingana itakuwaje.