Pembe kati ya vekta mbili ukijua urefu tu
Wadogo zangu wa Goma mnaojiandaa kwa Examen d'État (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari): mkipewa urefu wa vekta a, wa b na wa jumla yao, msihangaike kutafuta kuratibu (namba za x na y). Chukueni mraba wa urefu wa jumla, toeni mraba wa a na wa b, kisha gawanyeni kwa 2 × a × b. Mnachopata ni kosini ya pembe. Kwa 3, 5 na jumla 7: (49 − 9 − 25) ÷ 30 = 1/2, basi pembe ni 60°. Inatokana na kufungua mraba wa jumla: a² + b² + 2ab kos θ, ambapo θ ni pembe hiyo.

Hapa ndipo pointi nyingi hupotea: ukichora b kuanzia kwenye ncha ya a, pembe ya ndani ya pembetatu ni 120°, siyo 60°. Pembe ya vekta hupimwa zote mbili zikianzia sehemu moja. Lakini kama 7 ni urefu wa a − b, alama ya kosini inageuka kuwa −1/2, na 120° ndiyo jibu.

Njia hii inakwama vekta moja ikiwa sifuri, au mkipewa urefu wa a na b peke yake. Kosini ikizidi 1 au ikishuka chini ya −1, rudini kusoma swali: urefu huo hauwezi kuunda pembetatu.