Kabla hujanunua mashine ndogo ya kukatakata matawi

Kama unapogolea mikahawa au miparachichi kila mwaka, itakufaa sana: rundo la kujaza kirikuu linabaki viroba vichache vya matandazo, na huchomi kitu. Ila usiamini unene ulioandikwa kwenye mashine. Ikisema sentimita 7, ipe 4, tena matawi mabichi; tawi kavu la mgrivea huizima. Makuti na majani ya migomba usiingize kabisa, nyuzi zake hujiviringisha kwenye shafti. Kung'uta udongo kwanza, maana mchanga ndio unaoua visu, na visu butu havikati, vinachanachana tu. Vaa miwani. Kama una miti miwili mitatu tu uani, panga linatosha, au changeni na majirani.