Namna ya Kulielewa Neno "Get" Bila Kung'ang'ania "Kupata"

Anayejifunza Kiingereza huambiwa mapema kwamba "get" maana yake ni kupata, na tafsiri hiyo humfaa mpaka siku anapokutana na "get tired", akaanza kutafuta kilichopatikana ilhali mtu amechoka tu. Njia ya kuaminika ni kutazama kwanza neno linalolifuata.

Likifuatwa na nomino, kama katika "get a letter", kupata au kupokea kunatosha, ingawa "get me a chair" ni ombi la kuletewa kiti. Likifuatwa na mahali, kama katika "get to London", ni kufika.

Panapotatiza zaidi ni pale linapofuatwa na kivumishi, kwa sababu Kiingereza hutumia maneno mawili kueleza badiliko la hali ambalo Kiswahili hulimaliza kwa kitenzi kimoja: "get angry" ni kukasirika, "get wet" ni kulowa, "get old" ni kuzeeka. "Get married" hudai uangalifu wa ziada, kwani Kiingereza hakibagui anayeoa na anayeolewa, hivyo huwezi kuchagua kati ya kuoa na kuolewa kabla ya kujua anayezungumziwa ni nani. Jirani yake ni "get" ya kutendwa, kama katika "he got fired", yaani alifukuzwa kazi. Hiyo ni ya mazungumzo zaidi, na katika barua rasmi ningeshauri uandike "he was fired".

Neno "to" nalo lichunguzwe. "I got him to sign" maana yake nilimshawishi akatia saini, bali "I got to see him" ni nilipata kumwona, na hapo kupata kwetu kunarudi kwa heshima zote. Hata "I get it", yaani nimeelewa, haiko mbali na yule anayeuliza katika maongezi, "Umenipata?"

Mwisho, usichanganye "I got a car", nilipata gari, na "I've got a car", ambayo ni nina gari, licha ya umbo lake la hali timilifu, lile linalofanana na "nime-" yetu. Wamarekani husema pia "I've gotten a car" wakimaanisha nimepata gari. Waingereza wengi wa leo hawalitumii umbo hilo, kwa hiyo chagua mtindo mmoja na uufuate katika andiko lako lote.