Umeumia kazini? Yajue haya maneno ya fidia kabla hujasaini fomu

Mimi ni HR wa kiwandani hapa Dar, madai ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) nimejaza mengi na kinachoniuma ni mtu kuhangaika miezi kisa neno moja limekaa vibaya kwenye karatasi. Twende taratibu.

Hatua ya 1: ajali itokanayo na kazi
Hapa ndo watu wanaharibu. Nililetewa fomu ya kijana wa mashine ya randa, sehemu ya maelezo imeandikwa "aliumia mkono", basi. Mkono upi? Akifanya nini? Nikairudisha tukaandika upya: "akisukuma ubao kwenye randa, zamu ya usiku, kisu kilimkata vidole viwili mkono wa kulia", na majina ya waliomuona. Kazi uliyokuwa unafanya lazima ionekane. Na usiogope kusema uliteleza mwenyewe, fidia hii haikudai uthibitishe kwamba bosi alikosea. Mwambie msimamizi siku hiyohiyo, maana mwajiri ana siku 7 tu za kuutaarifu Mfuko.

Hatua ya 2: ugonjwa utokanao na kazi
Huu hauna siku moja ya kuumia, unakuja polepole, kama masikio kufa kwa kelele za mashine au mapafu kwa vumbi la mgodini. Mwambie daktari unafanya kazi gani na kwa miaka mingapi, asipojua hilo atakuandikia kikohozi tu.

Hatua ya 3: mchango
Analipa mwajiri peke yake, 0.5% ya mishahara anayolipa. Ukikuta kwenye salary slip umekatwa wewe, kaulize, hiyo haitakiwi kabisa.

Hatua ya 4: ulemavu wa muda
Maana yake unauguza na utarudi kazini, siyo kwamba umekuwa kilema, kwa hiyo usilikatae hilo neno. Unalipwa 70% ya mshahara, mwisho miezi 24, na matibabu yako pembeni. Mshahara wa 600,000 unakupa 420,000 kwa mwezi. Ila kama mkononi unapokea 600,000 na kwenye makaratasi wameandika 350,000, hesabu inafuata makaratasi, unaambulia 245,000, ndo maana nawasisitiza watu waangalie slip zao wakiwa bado wazima.

Hatua ya 5: ulemavu wa kudumu
Kidonda kikishapona kadiri kinavyoweza kupona, daktari anafanya tathmini na kukupa asilimia. Ikiwa 30% kushuka chini unalipwa mkupuo, mara moja imeisha. Ikizidi 30% ni pensheni ya kila mwezi. Sasa ona pengo kati ya 30 na 31 lilivyo kubwa, kwa hiyo siku ya tathmini nenda na picha zote za eksirei na karatasi zote za hospitali, na kidole kisichokunja kionyeshe, usijikaze kiume.

Utengamao ni kusaidiwa urudi kwenye maisha na kazi, mfano kupewa mguu bandia au kufundishwa kazi nyingine. Wategemezi ni mke au mume, watoto na wengine uliokuwa unawatunza, wao ndo wanalipwa mtu akifariki kwa ajali ya kazi. Madai yote yaingie ndani ya miezi 12, na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto toa kopi upeleke HR wiki hii hii, nimeona wajane wakizungushwa kwa ajili ya hicho cheti tu.