Katuni ya dakika moja kwa michoro 36

Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunaangalia kanda za video kwa mjomba, Magomeni. Bara tulikuwa bado hatuna kituo cha televisheni, vilianza 1994. Siku moja inachezwa katuni ya The Flintstones, Fred anakimbia ndani ya nyumba yake, nikamwambia mjomba, "Lile dirisha limepita tena." Akaniambia ninyamaze nitazame. Nikanyamaza, nikahesabu. Dirisha, meza, dirisha, meza. Nyumba gani ile isiyoisha?

Miaka ishirini baadaye nikapata kazi yangu ya kwanza ya katuni, tangazo la sekunde 30, na ule ujanja wa dirisha nilikuwa nimeshausahau. Nikachora kila kitu upya kila fremu, yaani kila picha moja kati ya zile zinazopita haraka kwenye skrini: nywele, vifungo, mikunjo ya shati. Wiki tatu, sekunde tisa. Mteja akachukua kazi akampa mwingine, nikabaki na sekunde tisa zangu kwenye flashi. Nzuri kweli, lakini hazijawahi kumlisha mtu.

Basi leo nakuonyesha ninavyofanya sasa. Ujanja huu sikuubuni mimi. Nimeuchukua kwa William Hanna na Joseph Barbera, waliokuwa wakitengeneza katuni ya Tom and Jerry pale MGM, studio ya sinema ya Marekani, wakaipatia tuzo 7 za Oscar. Mwaka 1957 MGM wakaifunga idara ya katuni, kwa hesabu kwamba kuzirudisha zile za zamani sinema kunaingiza karibu pesa ile ile ya kutengeneza mpya. Hanna na Barbera wakabaki na vipaji vyao mkononi. Wakafungua studio yao, wakarusha sarafu kuamua jina la nani litangulie, Hanna akashinda. Desemba mwaka huo huo katuni yao The Ruff and Reddy Show ilikuwa hewani kwenye televisheni ya NBC ya Marekani. Televisheni ilikuwa inalipa kiduchu ukilinganisha na sinema, kwa hiyo wakajiuliza swali ambalo wewe wa Tandale mwenye laptopu ya mkono wa pili unatakiwa ujiulize kabla hujagusa kalamu: ni kitu gani hapa kinaweza kukaa bila kusogea?

Anza na sauti. Chuck Jones, mchoraji mwenzao mkubwa, alizibeza katuni za aina hii akaziita redio yenye picha. Alikuwa anatukana, ila mimi nimelichukua kama maelekezo ya kazi. Kama ukifumba macho na bado unacheka, umeshapata zaidi ya nusu ya katuni.

Mfano wetu ni konda wa daladala. Nilimwandikia maneno, "Tafadhali sogeeni nyuma, bado kuna nafasi." Nikampelekea jirani yangu aliyewahi kuwa konda njia ya Mbagala, nikamwomba anisomee. Akasoma, akanitazama. "Mdogo wangu, konda gani anasema tafadhali?" Akatoa yake hapo hapo: "Songeni nyuma, gari bado tupu!" Tulirekodi saa nane usiku, feni imezimwa, friji imechomolewa, yeye kaingiza kichwa kwenye kabati la nguo na simu yangu imening'inia kwenye henga. Usirekodi mchana. Bajaji zitakuharibia, na honi haifutiki kwenye sauti ya mtu hata ukiloga. Malipo yalikuwa chipsi mayai.

Sasa mdomo, na hapa Kiswahili kimetupendelea. Karibu kila silabi yetu inaishia na irabu, kwa hiyo unahitaji midomo saba tu: a, e, i, o, u, mmoja uliofungwa kwa m, b na p, na mmoja wa meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Herufi nyingine ziache zipite, jicho halizikamati. Hesabu ile sentensi: So-nge-ni nyu-ma ga-ri ba-do tu-pu. Silabi 11. Televisheni za kwetu zinakwenda fremu 25 kwa sekunde, na konda anasema haraka, kama fremu nne kila silabi, jumla 44, chini kidogo ya sekunde mbili. Penye "ma", "ba" na "pu" ya mwisho, fremu mbili mdomo umefungwa, mbili umefunguka. Basi. Halafu midomo yote isogeze itangulie sauti kwa fremu moja au mbili. Usiniulize sana kwa nini, jaribu vyote viwili uone. Ukiiacha sawasawa na sauti, konda anaonekana kama kachelewa.

Kwenye Krita, ambayo ni programu ya bure ya kuchora, kila kiungo kinachosogea kipe leya yake, yaani tabaka lake peke yake. Wenzetu walitumia karatasi angavu za plastiki zilizopangwa moja juu ya nyingine: mwili chini, kichwa juu yake, mdomo juu ya kichwa, kisha kamera inapiga. Shida inakuja pale kichwa kinapokutana na mwili, maana kikigeuka, mstari wa shingo unajionyesha. Mtazame dubu wao Yogi. Yuko uchi lakini kavaa kola na tai! Kola ile ndiyo inayoficha mshono. Juu yake kila kitu kinachorwa upya, chini yake hakiguswi.

Tai ya konda wetu ni taulo shingoni. Kila konda wa Dar analo, hakuna atakayekuuliza limetoka wapi. Mhusika wako akiwa mama lishe, mtande kanga. Akiwa mwanafunzi, kola ya shati inatosha.

Miguu usiichore. Mtu kutembea ndiko kulikonila zile wiki tatu. Konda kasimama mlangoni, mlango unamkata kiunoni, anayekwenda ni gari. Na gari nalo haliendi, kinachokwenda ni mandhari ya nyuma. Hili ndilo dirisha la Fred. Chora ukanda mmoja mrefu, upana wa skrini mara tatu, mwisho wake wa kulia ushikane na mwanzo wake wa kushoto bila kiungo kuonekana. Kwa skrini yenye upana wa pikseli 1280, ukanda una 3840. Usogeze pikseli nane kila fremu na utarudi mwanzo baada ya sekunde 19 hivi, yaani mtazamaji atapishana na duka lile lile mara tatu kwa dakika. Kwa hiyo usiweke kitu cha kukumbukwa. Mimi mara ya kwanza niliweka mbuzi juu ya tofali, kila mtu akamwona mbuzi. Weka ukuta, mnazi, kibanda cha wakala wa kutuma pesa. Vibanda vile vinafanana mji mzima, hata kikipita mara kumi hakuna wa kushtuka.

Kuhusu mtindo wa mchoro, mistari minene na rangi bapa isiyo na kivuli. Ed Benedict aliwachora wahusika wa Hanna-Barbera hivyo kwa sababu ni rahisi kunakili. Ukidhani huo ni uzungu, nenda Morogoro Stores pale Oysterbay ukaangalie wachoraji wa Tingatinga wanavyopaka mnyama rangi bapa na mstari safi pembeni. Ila usiige madoa yao kwenye kitu kinachogeuka. Chui mwenye madoa mia akigeuza kichwa, wewe ndiye utakayeyachora.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: kiwiliwili 1, vichwa 3, midomo 7, macho 3, mikono 6, ukanda 1, gari 1, magurudumu 2. Michoro 24 kwa dakika yenye fremu 1500. Hiyo akiba usiile yote. Mimi nilirudisha michoro 12 mahali pamoja: abiria anatupa noti, upepo unaichukua, konda anaidaka kwa vidole viwili bila kuangalia. Pale kila fremu ya pili ina mchoro mpya, noti inapinda, taulo linapepea. Ni chini ya sekunde moja, na ndiyo sekunde watu waliyorudia.

Ajali usiichore. Gari linapotea pembeni ya skrini, unasikika mlio wa sufuria, picha inatikisika fremu sita, halafu unaonyesha nyuso. Nimerekodi sufuria za mama watoto zikianguka kwa namna saba, ninazo kwenye folda, kila katuni zinafanya kazi.

Hifadhi faili kila baada ya dakika kumi, na nakala kwenye flashi, maana umeme haupigi hodi. Ile ya midomo saba iweke peke yake na uipe jina la kueleweka. Yangu inaitwa "mdomo wa konda", na wiki iliyopita niliibandika kwa muuza madafu, nikabadilisha rangi tu, na hakuna aliyegundua.